Chandarua cha Nicole

Wewe unayesoma, weka kikombe chini unijibu. Kuna mama mmoja, mwili mdogo, mwendo wa madaha. Asubuhi anazaa. Mchana anarudi palepale alipozaa, na kila kilicho chake anakimeza. Kesho anazaa tena. Aibu hana, na wa kumshitaki hakuna. Ni nani?

Ukishindwa usinipe mji. Sina pa kuuweka. Hata chumba kimoja kimenishinda kukilinda.

Jibu ni samaki wangu. Nilikitega kitendawili hiki nikidhani ni cha samaki peke yao. Sasa sijui tena.

Kama gazeti la juma lililopita lilifungia mikate ya moto kabla hujalisoma, nakukumbusha kwa ufupi. Mimi ni Koko Florentine, yaani Nyanya Florentine, mtu wa Yanonge. Nakaa hapa Kisangani, Kabondo, kwa mwanangu Hubert, pamoja na mke wake Falonne na binti yao Nicole, ambaye bado anatambaa. Marehemu bwana wangu, Papa Émile, alikuwa chauffeur wa camion, dereva wa lori, kwenye barabara ya Bengamisa. Siku moja camion ilimfia karibu na kijito cha msituni. Akingoja pièce ya kutengenezea, akaona ndani ya maji samaki wadogo kama misumari, madume yamevaa nyekundu na bluu. Akaniletea ndani ya chupa. Akawaita sapeur, kama wale watanashati wa mjini, kwa sababu ya ile nguo.

Papa Émile alikwenda. Sapeur walibaki nami, uzao baada ya uzao, ndani ya beseni kwenye chumba cha nyuma.

Juma lililopita niliwaeleza jinsi nilivyopanda pikipiki ya Aboubakar, taximan wa mtaa wetu, tukaenda kutafuta kile kijito niongeze damu mpya. Tulikuta watu wanasafisha mchanga wa dhahabu. Maji yalikuwa kama kahawa ya maziwa. Tulitia kitambaa, tulitia kikapu, hata mkia wa samaki hatukuupata.

Basi waliobaki ni wale wa chumba changu. Kama kuna wengine pahali, mimi sijawaona. Wakiishia kwangu, wameisha.

Watu wanadhani samaki akiwa mdogo, kazi yake nayo ni ndogo. Jaribu uone. Maji ya bomba ukiwatia moja kwa moja, wanalala ubavu. Wanataka maji ya mvua, yaliyolazwa na majani makavu mpaka yapate rangi ya chai. Wakizaa, inabidi uning'inize nyuzi za rafia ili mayai yashike huko, halafu uyatoe kwa ncha ya kidole kabla mama yao hajarudi kuyala. Mengine nilikuwa nayaangulia ndani ya bokali, chupa ya mdomo mpana. Mengine nilifanya kama Papa Émile alivyofanya akisafiri: unayafunga ndani ya rafia yenye unyevu, unayatia kwenye kopo la maziwa, kopo unaliweka mahali pa giza na kulisahau.

Na watoto wakitoka, wanakula nini? Kwanza maji ya kijani. Wakishika nguvu kidogo, mabuu ya mbu.

Hapo ndipo vita ilipoanzia.

Nyuma ya jiko nilikuwa na mabidoni, madumu ya plastiki yaliyokatwa shingo, yenye maji mabovu. Mbu walikuja kutaga. Mimi nilichota mabuu kwa kitambaa.

"Mama," Falonne aliniambia, mkono kiunoni, "batu ya avenue yote banafukuza mbu. Sisi tuko tunafuga. Tunaipatia na nyumba!"

"Mama Nicole, mbu yangu haifikake kuruka. Kila asubui ninaikamata ingali mutoto."

"Na yenye kuruka iko ya nani? Ya mukubwa wa mutaa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kisha Nicole akapata homa.

Sitaki kuieleza sana homa ile. Walikwenda hospitali, mtoto akakaa huko na mpira wa serumu mkononi. Aliporudi, nilimpokea nikaona ni mwepesi kama jani la kwanga, ule mkate wa muhogo, lililokwisha kufunguliwa. Falonne alinipokonya.

"Mama, tufanye nini na ile mabidoni?" Hubert aliniuliza.

"Nitaifunika, papa. Samaki wamezaa. Sasa hivi njo wakati benyewe banakula."

Hubert aliangalia vidole vya miguu yake.

Nawaambia jambo la Hubert tangu utoto. Nikimtegea kitendawili asichokijua, alipiga kelele, alitaja kila kitu: kuku, mwezi, mfalme. Lakini kama jibu analijua na hataki kulisema, aliangalia vidole vya miguu.

"Tutaona, mama," alisema.

Mabidoni niliyafunika kwa gunia.

Halafu furaha ikanipata, na furaha yangu siku hizi haikai sana. Mayai ya bokali yaliangua. Wengi! Nukta zenye macho, zinarukaruka kwenye kioo. Hawakuliwa, hawakuoza. Niliwahamishia beseni la pembeni, wazazi wao wako beseni kubwa, nikawa naimba peke yangu. Mara ya kwanza tangu Papa Émile afe niliona kwamba sapeur watatoka mikononi mwangu wakiwa wengi kuliko walivyoingia.

Siku moja nikarudi kutoka sokoni nikakuta kitu chumbani.

Mabeseni yote yamefunikwa. Kitambaa cheupe cha matundu madogo, kipya, kimefungwa kamba pembeni kote. Mnajua sapeur wanaruka. Usipofunika, asubuhi unawaokota sakafuni wamekauka. Mimi nilikuwa nafunika kwa vipande vya mabati. Sasa mtu amenifanyia kazi ya fundi! Ila katikati kitambaa kilikuwa kimelegea mpaka kinagusa maji. Nikasema moyoni, aliyefunga hajui kukaza kamba, lakini amejitahidi.

Nani yuko nyumbani? Falonne, anafua nguo za mtoto uani.

Nikasema: huyu mukwe wangu ameamua tupatane. Ameona aibu kusema, ameniambia kwa kitambaa.

Nikaingia jikoni. Nikaponda lituma, ndizi zile zilizokomaa vizuri, nikapika samaki wa moshi kwa mafuta ya mawese. Kichwa cha samaki, kile Hubert anachokipenda, nikampa Falonne.

"Merci, Mama Nicole," nikamwambia.

"Ya nini, mama?"

"Wewe mwenyewe unajua ya nini."

Aliniangalia kidogo. Kisha akatabasamu, tangu homa sikuwa nimeyaona meno yake. Baadaye ndipo nilipoelewa alichokielewa yeye: alidhani namwomba msamaha kwa ajili ya mbu. Tulikula tukacheka. Alinipa Nicole nimbebe. Hubert alikula kichwa chini, mkono mmoja kwenye telefone.

"Papa, huyu bibi yako iko na roho nzuri," nikamwambia.

"Njo vile," akasema, na hakuinua kichwa.

Asubuhi niliingia chumba cha nyuma na mabuu yangu ndani ya kikombe.

Dume kubwa lilikuwa linazunguka. Linazunguka, linagonga beseni, linazunguka tena, kama jani lililonaswa pale maji yanapojikunja mtoni. Majike walilala ubavu, mdomo unafunguka na kujifunga. Nguo ya sapeur, ile nyekundu, ilikuwa imeondoka, amebaki rangi ya majivu. Nikakimbilia beseni la watoto. Vumbi chini. Vumbi tu, lenye macho.

Nilibadilisha maji. Nilipuliza kwa mdomo, mimi mwanamke mzima nimeinama napulizia beseni. Saa ya jua kali hakuna hata mmoja aliyekuwa anatikisika.

Nikatoka uani. Sijui nilitokaje.

"Falonne! Ulitia nini mu maji yangu?"

"Mi? Nilitia nini?"

"Kile kitambaa yako! Uliipaka dawa gani?"

"Kitambaa gani, mama? Mi siingiake mu chumba yako, kunanuka!"

"Chandarua! Ile moustiquaire uliifunga yulu ya beseni! Nikakupikia na chakula, nikakupatia na kichwa ya samaki!"

Uso wake ukabadilika. Alikimbia chumbani kwao. Juu ya kabati kulikuwa na pakiti, ile moustiquaire mpya ya kitanda kidogo cha Nicole. Ilikuwa inangoja Hubert apige misumari, mtoto bado analala na wazazi ndani ya ile kuukuu. Alirudi nayo mkononi. Ilikuwa imekatwa katikati kwa mkasi, vipande vinaning'inia.

"Munaona? Munaona, mama? Mumekata moustiquaire ya mutoto wangu!"

"Mi njo nimekata?"

"Nani mwingine iko na samaki hapa? Mutoto ametoka ku kifo, na munavalisha samaki mbele yake!"

Majirani walikuwa wameshajaa penye mlango wa parcelle, kiwanja chetu. Mama Safi wa upande wa pili alisema, "Mupole, mupole," lakini alisogea karibu asikie vizuri.

Nikasema neno ambalo leo natamani kulimeza. Nilisema, "Falonne, umeniulia bwana mara ya pili."

Yeye akasema, "Bwana yenu iko mu beseni? Basi mumuzike mu choo."

Hapo hakuna mtu aliyesema mupole tena.

Hubert alirudi kutoka bureau, ofisini kwake. Alitukuta kila mmoja nyuma ya mlango wake. Tukatoka pamoja, tukamwuliza pamoja, kila mmoja kwa sauti yake.

"Nani alikata moustiquaire?"

Hilo ndilo swali. Fupi. Mtu wa nyumba anaweza kulijibu akiwa amesimama.

"Mama, mutulie. Mama Nicole, utulie. Tutaona."

"Sikukuuliza tutaona," nikamwambia. "Ni mi, ni yeye, ao ni jini?"

Akasema telefone yake inalia. Akatoka nje kuipokea. Alipoichukua niliuona uso wa telefone ni mweusi, hauna hata jina la anayepiga. Sikulitia maanani. Nilikuwa na hasira ya kutosha kwa mtu mmoja, sikuwa na ya kumgawia wa pili.

Falonne alimfunga Nicole mgongoni, akajaza mfuko, akaenda kwa wazazi wake, huko Mangobo. Alipita mbele ya Hubert. Hubert alisogea ili apite.

Mimi na mwanangu tulikula tukiangalia sahani. Kila nilipofungua kinywa, alikumbuka kitu uani. Nilimwaga maji ya beseni. Nikavua vile vipande vya chandarua nikavitupa kwenye pembe. Mkono ulibaki unaniwasha, nikadhani ni majonzi.

Kisha Vicky akaja.

Vicky ni relais wa mtaa, yule mama anayepita parcelle kwa parcelle kugawa moustiquaire na kuangalia kama watoto wanalala ndani yake. Alipiga hodi, akaomba kuona kitanda cha Nicole. Nikamwambia kitanda hakina mtoto. Nikamwonyesha vile vipande, nikamsimulia, machozi yananitoka.

Alivishika. Akavinusa. Akaniangalia.

"Koko, munajua hii iko na dawa ya kuua mbu?"

"Dawa ya mbu. Mbu si samaki."

"Dawa hii haiangalie jina. Mutu analala ndani, haina neno. Lakini samaki ikiguswa na maji yake, inakufa bule. Njo maana tunakatazaka batu kufulia mu mutoni. Tunakatazaka na kuvulia samaki."

Nilikaa chini kwenye kizingiti.

Kwa hiyo Falonne hakupaka kitu. Hakuna aliyepaka. Dawa ilikuwa ndani ya nyuzi zenyewe tangu kiwandani. Nikaona jinsi kitambaa kilivyolegea kikagusa maji, mchana kutwa, usiku kucha. Nikasema, basi ni makosa. Mtu alitaka wema, akakosea.

"Ungemwambia Falonne, Vicky. Ungemwambia wakati unampatia."

"Falonne? Falonne alikuwa na mutoto ku hôpital. Mwenye kuikamata ni Papa Hubert."

"Hubert?"

"Ndiyo, Koko. Na nilimwambia, kwa sababu najua nyumba hii iko na samaki. Nikamwambia: papa, angalia isifike pa samaki ya Koko, hata kona yake isiguse maji. Akarudilia yeye mwenyewe. 'Hata kona?' Nikamwambia hata kona."

Vicky alipoondoka niliendelea kukaa palepale. Mama akimtafutia mtoto wake njia, anaipata hata kwenye ukuta. Nikasema: alisahau. Binti yake alikuwa hospitali na mpira mkononi, nani anasikia maneno wakati huo? Alikuja, akaona mama na mke wanagombana juu ya mbu na samaki, akataka kuwatuliza wote wawili kwa kitambaa kimoja. Halafu aibu ikamfunga mdomo. Ndiyo hivyo. Aseme tu amesahau, na mimi nitaenda Mangobo kwa magoti kumwomba Falonne radhi.

Hata sikungoja kwenda. Nilimtuma Aboubakar na pikipiki yake. "Mwambie Mama Nicole akuye. Mwambie mama mukwe wake iko na kosa."

Wakati nangoja nikakumbuka kopo.

Lile kopo la maziwa! Lilikuwa chini ya kitanda changu, mbali na mabeseni, na kifuniko chake. Nilipiga magoti, nikalivuta, nikalifungua karibu na dirisha. Rafia bado ina unyevu. Niliipanua uzi kwa uzi. Mayai yalikuwapo, yameng'aa, na ndani ya kila yai, ukiangalia vizuri, macho mawili meusi yananiangalia.

Walikuwa hai. Walikuwa wanangoja maji tu.

Nililia kama mjinga. Nikalifunika kopo, nikaliweka mapajani, nikalifunika na kikwembe changu cha kiunoni. Nilipanga hivi: Hubert akisema amesahau, nitamshika Falonne mkono, kisha nitafunua kikwembe niwaambie, watoto wangu, hakuna kilichokwisha. Tuanze upya. Hata mabidoni tutayapeleka kwa Aboubakar, huko hakuna mtoto.

Falonne alifika kabla jua halijazama. Hakukaa karibu nami. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, Nicole kwenye titi. Nilimweleza maneno ya Vicky kuhusu dawa. Habari ya nani aliipokea moustiquaire sikuitaja.

"Basi munakubali haikukuwa mi," alisema.

"Haikukuwa wewe. Unisamehe, mama."

"Na mwenye kukata?"

"Tungoje."

Hubert aliingia na mkoba wake wa bureau. Alimwona mke wake, uso ukafunguka. Akaniona mimi, ukajifunga. Aliona vile vipande vya chandarua nilivyovitandika sakafuni.

"Ukae, papa," nikamwambia.

"Nimechoka, mama. Tutaona kesho."

"Ukae."

Alikaa.

"Hubert, moustiquaire ya Nicole ilikatwa na nani?"

Nicole aliacha titi akamwangalia baba yake, akamchekea.

"Jibu mama yako," Falonne akasema.

Akaviangalia vidole vya miguu yake.

Nilijua maana yake, lakini mdomo ulikimbia mbele kumfungulia mlango. "Vicky amekuya leo, papa. Amesema alikuambia juu ya dawa. Lakini kichwa yako ilikuwa ku hôpital, si ndiyo? Ulitaka kutusaidia, ukasahau. Haiko kosa. Sema tu ulisahau."

Chini ya kikwembe mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kifuniko cha kopo.

Hubert aliinua kichwa. Aliniangalia machoni, jambo ambalo hakulifanya tangu homa ya mtoto.

"Sikusahau, mama. Ni mi nilikata, ni mi nilifunga. Na kisha kufunga, niliisukuma na kidole mpaka iguse maji. Moustiquaire inalinda kitanda, haiwezi kulinda nyumba yenye kufuga mbu. Mi sikuweza kukufukuza wewe, njo nikaua samaki. Sasa, kama kumebakia hata yai moja mu nyumba hii, unipatie leo."